Irisi Ndani ya Zaburi

Melchior alipozikwa, mkewe Emérithe alichomoa ua moja la irisi, la buluu iliyokolea, kutoka kwenye shada la jeneza, akalilaza katika Biblia yake ya Kirundi. Ndivyo alivyolelewa na mama yake: kipenzi cha moyo hutiwa ndani ya Zaburi, kitabu kikafungwa. Hakulitazama tena. Aliona kulitazama ni kumzika mume mara ya pili.

Mwezi wa pili wa eda yake, Mei 2009, alipanda treni kutoka Alby, kitongoji alikoishi ughaibuni, hadi mjini, kwenye darasa la Michiko, Mjapani aliyefundisha kutengeneza picha kwa maua makavu. Mle ndani mlikuwa kimya kama usingizi wa mchana. Kwa Kiswidi chake cha taratibu, Michiko alieleza kwamba adui wa rangi ni maji. Ua likibanwa kati ya karatasi zinazofyonza unyevu, zikabadilishwa kila siku, hukauka upesi na rangi yake. Likichelewa, huwa kahawia kama ndizi iliyomenywa ikasahauliwa. Mwisho hufungiwa chini ya kioo, hewa ikiondolewa.

“Na irisi iliyowekwa kitabuni?” Emérithe akauliza.

Michiko akatikisa kichwa. “Irisi ina maji mengi. Itakuwa imeshaharibika.”

Njia nzima ya kurudi Emérithe aliiona buluu: ziwani, kwenye viti vya treni, kwenye kofia ya mtoto wa watu. Nyumbani alimsimulia bintiye Darlène, naye akamjibu kwa Kiswidi kwamba ua ni ua tu. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake.

Wiki iliyofuata aliibeba Biblia hadi darasani, akaifungua. Ua lilikuwa kahawia, jepesi kama ganda la kitunguu. Alilia bila kuona haya.

Michiko akaliinua kwa kibano. Chini yake, juu ya maandishi, palikuwa na irisi nyingine, buluu tupu, na mishipa yake yote. Maji yalipotoka kwenye ua yalikuwa yameondoka na rangi, na karatasi ikainywa.

“Hii tunaweza kuihifadhi,” Michiko akasema, “ila ukurasa ukatwe.”

Emérithe hakuwahi hata kupiga mstari wa kalamu katika Biblia ile. Alimwomba Mungu radhi kwa Kirundi, akashika mkasi mwenyewe. Kisha akalirudisha ua la kahawia kando ya buluu yake, limeiegemea kidogo, kama walivyozoea kulala yeye na Melchior.

Michiko akafunga kioo.