Uhuru Uliopewa Jina Jingine

Oktoba ya mwaka 1970, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, askari walimtoa Huguette kitandani na kumweka ndani bila mashtaka. Kosa alilolijua yeye lilikuwa bango jikoni kwake, lenye neno moja tu: Uhuru. Dada yake Rollande ndiye aliyebaki na watoto. Huguette alipoachiwa, kiwanda cha nguo kilikuwa kimeshampa mwingine cherehani yake. Hakulia. Alisema neno lile lilistahili gharama hiyo.

Miaka kumi baadaye Quebec ikaitwa kupiga kura, Ndiyo au Hapana, juu ya kuwa nchi yake yenyewe, na Huguette akajitolea kupita nyumba kwa nyumba. Bertrand, kijana wa chama cha upande wa Ndiyo aliyewafundisha wajitoleaji, alimkatiza mapema.

“Mama, ‘uhuru’ unawatisha watu. Sema ‘mamlaka’. Na usiliache peke yake, sema ‘mamlaka pamoja na ushirika’.”

“Ushirika na nani?”

“Na Kanada.”

“Kwani tunaachana naye au tunamposa?”

Wenzake wakaangua kicheko. Bertrand hakucheka. “Waambie tunaomba kibali cha kwenda kujadiliana tu. ‘Kujitenga’ ni neno la wapinzani, msilitie kinywani.”

Labda vijana wanajua zaidi, Huguette alijiambia. Akaenda mlango hadi mlango akilisema neno jipya, na kila jioni ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyeapa uongo.

Kwa Rollande alifika mwisho. Dada yake alikuwa akikoroga supu ya njegere.

“Kwa hiyo tukisema Ndiyo, tunakuwa nchi?” Rollande aliuliza.

“Tunapata kibali cha kujadiliana.”

“Halafu?”

“Halafu tutaulizwa tena.”

Rollande aliweka mwiko chini. “Mdogo wangu, walipokuchukua, wanao walikuwa wakikuita usingizini. Niliwaambia mama yenu yuko ndani kwa ajili ya uhuru. Leo unaniletea kibali. Sasa niwaambie ulifungwa kwa ajili ya nini?”

Huguette alitafuta jibu, akakuta maneno ya Bertrand tu. Akayasema. Yalipomtoka aliona uso wa dada yake ukijifunga.

Matokeo yalipotangazwa, Hapana ilikuwa imewaacha mbali. Ukumbini watu walikumbatiana wakilia. Bertrand, macho mekundu, alisema labda walihitaji neno laini zaidi. Huguette alichukua koti lake akaondoka bila kumuaga mtu.

Jumapili Rollande alipiga simu.

“Nilipiga Hapana.”

“Najua, dada.”

“Ungenijia na neno lako la zamani, sijui ningepigaje. Lakini ningejua ni wewe uliyekuja.”

Huguette alitaka kuomba radhi, kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya miaka ile yote. Badala yake akauliza kama mvua imefika upande wao. Tangu siku ile, walipokutana, walizungumzia hali ya hewa na maradhi ya majirani. Siasa hawakuigusa tena, na mengi mengine yakafa pamoja nayo.