Siku Kumi na Moja Zilizosahihishwa

Kwa miaka ishirini na sita, kila saa tatu asubuhi, mpima mvua alifungua kopo la kituo chake, akamimina maji kwenye kichupa chenye mistari, akaandika kiasi cha mvua na joto la siku. Hakukosa siku hata moja, hata alipofiwa na mume. Kwa hiyo aliposoma katika ripoti ya tuta jipya la mto kwamba mvua kubwa kuliko zote kituoni kwake ilikuwa milimita sabini na nane kwa siku, alitia daftari lake kwapani, akaenda ofisi ya bonde.

Mhakiki wa takwimu pale alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Alimkuta anatafuna karanga juu ya kibodi.

"Shemeji wa kopo. Leo mvua imekukimbia?"

"Machi ile ya mafuriko niliandika mia mbili na kumi na mbili nukta tano. Iko wapi?"

Shemeji alitafuta. "Hii hapa, ishirini na moja nukta mbili tano. Ulikosea nukta, nikakusitiri."

"Kichupa kinabeba milimita ishirini na tano. Nilikijaza mara nane, mara ya tisa kikafika nusu. Hesabu mwenyewe."

Alihesabu. Akaacha kutafuna.

Walilinganisha daftari na kompyuta, mwaka kwa mwaka. Katika miaka kumi na miwili shemeji alikuwa amesahihisha siku kumi na moja, zote za mvua ambayo hakuwahi kuona mfano wake. Kwenye ripoti, bonde lilikuwa likikauka tu. Kwenye daftari, joto lilikuwa limepanda digrii moja na nusu, siku za mvua zimeshuka kutoka tisini hadi hamsini na nne, na jumla ya mwaka ilikuwa ileile. Maji yaleyale sasa yalianguka kwa pupa.

"Zirudishe kabla mhandisi hajatia sahihi mchoro wa tuta," mpima mvua alisema. "Tuta hilo ni fupi. Na nyumba yako iko nyuma yake."

"Niliijenga kwa kufuata ramani."

"Ramani iliyochorwa kwa namba zako."

Shemeji alikung'uta maganda ya karanga. "Nikizirudisha, nitaulizwa nani alizibadilisha. Nimebakiza miaka minne nistaafu, shemeji. Niache nimalizie."

Alifunga faili.

Mpima mvua alikwenda kwa mhandisi, mwisho wa korido. Mhandisi alimsikiliza kwa adabu, akamrudishia daftari bila kulifungua. "Mama, mimi natumia takwimu zilizohakikiwa. Mhakiki akigonga muhuri, nitazipokea." Kisha akatia sahihi mchoro uliokuwa mbele yake.

Mpima mvua alipotoka nje alimpigia simu mdogo wake. "Hameni hapo kabla ya masika."

"Tuhamie wapi, dada? Kwenye kopo lako?" Mdogo mtu alicheka. "Mume wangu anajua mvua ya bonde zima. Wewe unajua ya uani kwako."

"Muulize kuhusu siku kumi na moja."

"Nitamuuliza," alisema, akakata simu. Fundi wa vigae alikuwa akimsubiri achague rangi.