Karibu Isiyoitikiwa

Hanoi ilinikera tangu asubuhi ya kwanza. Njia za waenda kwa miguu zote zimegeuzwa meko na meza. Mtu mzima unakalishwa kwenye kistuli cha plastiki kama mtoto wa chekechea, magoti kidevuni, na bakuli la supu ya tambi ya kuunguza ulimi. Kinyozi ametundika kioo kwenye ukuta wa watu na ananyoa hapohapo. Pikipiki zinapita na friji, na vitanda, na miche ya michungwa, na wewe ukitaka kuvuka barabara unajitosa tu: tembea polepole, usisimame, wao ndio watakaokukwepa. Hanh, mwenzangu wa zamu kiwandani Fairfield, huko Sydney, ndiye aliyenipeleka kwa ndugu zake. Alinicheka mpaka akaegemea mti.

"Raheli, kwenu mlikuwa mnavukaje?"

"Kwetu Muheza tunavuka kama watu wanaotaka kuishi."

Nilikuwa na hasira, sikatai, lakini haikuwa hasira ya Hanoi. Nilikuwa nimemwacha Mama. Tangu alipoanza kusahau jiko likiwaka, nami niko zamu ya usiku, nyumba yetu ya Guildford ilinikosesha amani. Mdogo wangu Aloyce, anayeishi Perth, akatafuta nyumba ya kulelea wazee, wakakubali kumpokea kwa majaribio.

"Dada, umechoka," aliniambia kwa simu. "Nenda upate ka-break. Wakimkubali, tusiipoteze hiyo nafasi, waiting list ni ndefu." Nikaenda.

Basi kila nilichokiona Hanoi kilinisema. Alfajiri vikongwe wamejaa kando ya ziwa, wananyoosha mikono kwa muziki wa redio. Mchana bibi amekaa mlangoni kwa mwanawe anachambua mboga, wapita njia wanamsalimu, mjukuu amemlalia mapajani. Sikuona mzee aliyewekwa mahali. Labda wapo, mgeni wa siku chache ataona nini?

Jioni moja, kwa shangazi yake Hanh, tuliketi mkekani kuzunguka sinia. Binti mdogo wa nyumba ile hakugusa vijiti vyake. Alianza kwa bibi, akamkaribisha ale. Akamkaribisha mjomba, na shangazi, na Hanh, mpaka akanifikia na mimi. Kila mmoja alimwitikia, ndipo naye akala.

"Mnafanya hivi siku zote?" nilimwuliza Hanh.

"Siku zote. Sisi wa Sydney ndio tumeacha."

Nikaviweka vijiti chini. Mama hajapata kutia tonge mdomoni mbele ya mtu bila kumwambia "Karibu", hata awe fundi bomba, na haanzi kula mpaka aitikiwe "Starehe". Mimi humwitikia huku navaa viatu vya kazi, bila hata kugeuka. Kule alikokuwa, nani alijua kuitikia? Nikaapa palepale kwamba nikirudi Sydney, namtoa Mama kwenye nyumba ile.

Kutoka uwanja wa ndege nilipitiliza kwake, mkoba begani. Muuguzi, mwanamke mpole, alinipokea kwa uso wa msiba.

"Mama yako anakataa chakula. Tukimwekea, anatusogezea sisi sahani, halafu anaweka kijiko chini. Akiendelea hivi hatutaweza kubaki naye."

Mama alikuwa dirishani, amekonda hata shingo imebaki mishipa. Viazi vya kuponda vilikuwa vinapoa mbele yake. Aliponiona hakulia wala hakunilaumu. Aliisogeza sahani kidogo upande wangu.

"Karibu, mwanangu."

"Starehe, Mama."

Akala. Alikula kama aliyetoka shamba, akakwangua sahani, akaomba nyingine. Nikamweleza muuguzi maana yake. Akalijaribu lile neno, akalivunja, akacheka, akasema atawaambia wenzake akikumbuka.

"Lakini anakula!" alisema kwa furaha. "Basi nafasi ni yake. Nimwambie meneja?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana, tunakwenda nyumbani. Nikaliwaza jiko. Nikaiwaza zamu ya usiku, na Aloyce na simu zake, na usingizi, usingizi mzima bila kushtuka. Kiapo changu kilikuwa bado kibichi, lakini nilisikia mzigo unanitoka mabegani, na nikaona haya kwa jinsi ulivyonitoka upesi.

"Mwambie," nilisema.

Mama hajui Kiingereza. Alitutazama, mmoja kisha mwingine. Akafuta kijiko kwa kitambaa, akakilaza kando ya sahani.

"Na kesho, Raheli, nani ataniitikia?"

Niliinama kuutafuta mkoba wangu chini ya kiti, na mkoba ulikuwa begani.