Upepo Ukigeuka

Siku ya ishirini na mbili tangu niumie jicho, muuguzi aliniruhusu kurudi kupepeta mpunga. Kidonda kwenye kioo cha jicho kilikuwa kimefunga, kikaacha wingu dogo.

"Lakini kapi ingine ikiingia humo, mama Adolphine," alisema, "sitakudanganya. Jicho itakufa."

Kapi la kwanza lilitoka kwenye ungo wa Mama Yasini, mwenzangu wa kupepeta. Hilo nilikuwa na hakika nalo. Hapa mjini Baraka, kwenye mashine ya mpunga, tunapepeta wawili wawili, mmoja upande wa milima, mwingine upande wa ziwa. Asubuhi upepo hutoka milimani, mwepesi, makapi yakaanguka papo hapo. Karibu na saa sita hugeuka, ukaja kwa nguvu kutoka ziwani. Hapo aliye upande wa ziwa hushusha ungo na kumwambia mwenzake ahame. Siku ile Mama Yasini hakusema neno. Nilichomwa ghafla, na kesho yake jicho lilikuwa jeupe.

Majuma matatu alinipikia uji. Niliupokea, nikawamwagia kuku. Kila asubuhi nilimwomba Mungu anionyeshe moyo wa yule mama.

Siku niliporudi, nilikuta ameshanitandikia mkeka, upande uleule wa milima.

"Karibu, dada. Kaa."

Nilikaa. Nilipepeta kidogo, nikatazama sana moshi wa mama anayepika maharage barabarani. Ulilalia ziwani, kisha ukasimama wima, kisha ukaanza kuinama kuelekea milimani.

Mama Yasini alishusha ungo. "Upepo imegeuka. Hama."

Sikuhama. "Mbona leo unasema?"

Alichambua vijiwe kwenye ungo.

"Ile siku nilionaka upepo inageuka," alisema. "Nilibakiza ungo moja tu. Nikasema, nimalize kwanza."

"Na uji?"

"Ningekuya kwako mikono mitupu?"

"Kuku zangu ndizo zilikula."

"Nilijua. Zimenona kuliko weye."

Nilitaka kucheka, sikucheka. Nilikunja mkeka, nikautandika upande wa ziwa, bega langu karibu na lake. Yeye alichota mpunga.

"Rusha weye kwanza," nilimwambia.

Akarusha. Nilifunika jicho kwa kiganja, na kwa lile jingine nikamtazama mpaka ungo wake ukaisha.