Mimba ya Twagirayezu

Jumanne moja ya Machi 1987, Twagirayezu alitoka kijijini Chonyonyo kwa miguu, akapumzika mara tatu njiani, na alipofika hospitali akakaa kwenye benchi la wajawazito kwa sababu la wanaume lilikuwa limejaa. Alikuwa kibarua wa shamba la kahawa, mwenye miaka thelathini na moja. Tumbo lilikuwa limemvimba, na korodani moja imekuwa ngumu kama kokwa la parachichi. Mkewe, Speciose, alimshikia koti.

Mkojo wake ulipelekwa pamoja na wa wanawake, hivyo Placidius, mtu wa maabara, akaupima kipimo cha mimba. Kipimo kikasema ndiyo. Akarudia mara mbili, kisha akawaita.

"Ni saratani," alisema. "Imeanzia kwenye korodani. Lakini uvimbe huu unatoa protini ileile ya mimba changa. Chembe za uzazi zina protini za namna hiyo, kijusi kinazo, na uvimbe huu unazo. Ndiyo maana mwili hauukatai. Unadhani unalea mtoto."

"Kwani si mtoto?" aliuliza Speciose. Walikuwa wameoana miaka minane bila kujaliwa.

Placidius alifikiri. "Hajui kuzaliwa, mama. Anajua kukua tu."

Akawaandikia barua ya kwenda Dar es Salaam. Huko dawa ilikuwepo, na wenye ugonjwa huo wengi walipona. Muuguzi Joviana akamfungulia Twagirayezu kadi ya kliniki ya wajawazito, maana hakukuwa na kadi nyingine yenye nafasi ya kuandika ukubwa wa tumbo.

Miezi miwili baadaye uvimbe ulianza kulia. Ulilia alfajiri, kwa sauti nyembamba, chini ya mbavu. Speciose aliweka kiganja pale akasema "hora, hora", kama watu wa kwao wanavyonyamazisha mtoto. Ukanyamaza, na maumivu yakatulia. Majirani wakaleta uji wa mtama. Waliuliza kama unalala vizuri.

"Mwanangu," Speciose aliuambia siku moja, "usikue tena. Hapo ulipofika panatosha. Baba yako ni mwembamba."

Uvimbe ulitii. Kwa wiki tatu Joviana aliandika kipimo kilekile. Wiki ya nne ukasahau, na Speciose akaukaripia.

"Usimgombeze," alisema Twagirayezu. "Hakuna aliyemfundisha."

Kwa wakimbizi kama wao, kutoka nje ya wilaya kulihitaji kibali. Majirani walimpeleka kwa baiskeli, yeye na mkewe, hadi kwa Ildefonsi, karani wa vibali. Karani aliinuka, akatega sikio tumboni.

"Ana kwikwi," alisema. "Kunywa maji ya uvuguvugu." Kisha akafungua faili. "Ndugu yangu, uliingia nchini mgongoni mwa mama yako, huna karatasi. Kibali chako lazima kigongwe muhuri Bukoba."

"Basi nipe cha kwenda Bukoba."

"Hicho nacho kinagongwa Bukoba."

"Na mke wangu?"

"Naye hana karatasi. Nimeshawaandikia wa Bukoba barua nne kuhusu kesi kama hizi. Nasubiri kama nyinyi."

Walirudi kwake mara saba, na kila mara aliwapisha kiti chake.

Twagirayezu alifariki Novemba, mkono wa Speciose ukiwa tumboni mwake. Uvimbe uliendelea kulia kidogo, peke yake. Speciose aliubembeleza mpaka nao ukanyamaza, ndipo akaita majirani. Kwenye daftari Joviana aliandika vifo viwili.

Mwaka uliofuata mwanamke aitwaye Kampire alimjia Speciose kutoka kijiji cha Mabira. Mumewe, Mbonimpa, naye alikuwa hana karatasi, na tumbo lake lilikuwa limeanza kulia. Muhuri wa kibali chake ulikuwa unasubiriwa kutoka Bukoba.

Speciose alijifunga kanga, wakaondoka pamoja. Njiani Kampire aliuliza kama inafaa kuuchukia uvimbe.

"Utachoka bure," alisema Speciose. "Yeye hana kosa."

Walipofika alimsalimu mgonjwa, akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto, akamwonyesha Kampire pa kuweka vyake.