Alichosomewa Fundi Geti

Walimwita Fundi Geti kwa sababu nusu ya mageti ya mtaa ule aliyachomelea yeye. Vipimo alivibeba kichwani. Namba hazikumpiga chenga hata siku moja. Herufi ndizo alizozikwepa miaka yote, na alidhani siri hiyo aliijua mkewe peke yake. Wengine waliambiwa miwani imesahaulika nyumbani.

Binti yake, wa miaka kumi na mitano, akaanza tabia ya kufunika simu kila baba alipoingia sebuleni. Fundi Geti akaingiwa na hofu. Kijiweni alikuwa amesikia mengi kuhusu watu wazima wanaorubuni mabinti mitandaoni.

"Si umuulize mwenyewe? Mdomo unao," mkewe alimwambia.

Hakuuliza. Jumamosi, binti akiwa bafuni, aliichukua simu hadi kwa fundi simu, mwanamume wa makamo mwenye kibanda njiapanda. Namba ya siri alishaikariri kwa kumwangalia akibonyeza.

"Nataka kujua anatafuta nini humu. Nisomee, miwani nimeiacha."

Fundi simu akasoma kwa sauti, wateja wawili wakiwa benchini.

"Dawa ya maumivu ya hedhi. Nitajuaje kama rafiki amenichoka." Fundi Geti akainamisha uso. Fundi simu akaendelea, kisha sauti yake ikashuka. "Namna ya kumfundisha mtu mzima kusoma bila kumwaibisha. Hiki amekitafuta mara nne."

Mteja mmoja akakohoa. Fundi simu akarudisha simu taratibu na hakutaka malipo.

Siku nzima kazi haikumwendea. Jioni alimkuta binti barazani, akamweleza yote, bila kuzungukazunguka.

"Alisoma kwa sauti?" binti akauliza.

"Kwa sauti."

"Na watu walikuwepo?"

"Wawili."

"Mimi nilikuwa natafuta jinsi ya kukusitiri, baba. Wewe ukanianika."

"Ulijua lini?"

"Tangu darasa la nne. Ulisaini ripoti yangu juu chini."

Akaingia ndani. Kwa siku nane baba aliambulia shikamoo na "chakula tayari", basi. Mkewe hakumtetea, naye hakuomba atetewe. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mtoto alikuwa ameibeba aibu yake miaka yote hiyo, kimya, wala hakumpunguzia heshima. Yeye hakuweza kumbebea jambo dogo hata asubuhi moja.

Siku ya tisa alibisha hodi mlangoni pa chumba cha binti.

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Sina cha kujitetea. Na kusoma nataka, kama bado utanifundisha."

"Namba ya siri nimeibadilisha."

"Umefanya vizuri."

"Likikutia wasiwasi jambo, niulize mimi. Naweza nisijibu yote."

"Nitakuuliza."

Binti akasogea kitandani kumpa nafasi, ingawa hakutabasamu.

Masomo hayakuwa mchezo. Mwalimu hakuwa na upendeleo. Baba alirudia mstari mmoja mpaka jasho likamtoka zaidi kuliko mbele ya moto wa kuchomelea. Kuna jioni walicheka, kuna jioni binti alikumbuka lile benchi, akafunga daftari mapema. Baba alimwacha.

Mwezi wa nne wa masomo alianza kusoma kila kibao cha duka barabarani, polepole, kwa sauti, mpaka mkewe akamwomba apumzike walau wafike sokoni.