Rahabu Alipewa Chikago

Kitendawili. Itika basi, sema tega. Nina mali yangu: siku ya njaa siigusi, siku ya mvua naizika, na nikishaizika silii. Ni nini hiyo?

Fikiri taratibu, sikuharakishi. Ukishindwa utanipa mji, maana ndiyo sheria yetu: asiyejua jibu hutoa mji, mtegaji akaenda huko akala akashiba, ndipo akarudi kulitoa jibu lake. Ila mji usitoe ovyo. Hapa Kinampanda yuko mama mmoja, Rahabu, alimtegea mwanawe kitendawili hikihiki, na mji aliopewa ukaja kumpandisha ndege uzeeni, na magoti yake mabovu.

Mwanawe huyo ni Leonidas. Wakati ule alikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, na mwaka ulikuwa mbaya. Mvua ilikata mapema, mtama ukasinyaa shambani kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Jioni moja walikuwa jikoni wanakunywa uji mwepesi, ule ambao ukiinama unajiona sura. Rahabu akatega kitendawili ili tumbo la mtoto lisahau kidogo. Mtoto akashindwa, akatoa Kiomboi.

"Kiomboi ndiko nilikozaliwa," mama akakataa. "Nipe mji wa maana."

"Singida."

"Singida naenda kuuza kuku kila siku. Nikale nini huko nisichokijua?"

"Dodoma."

"Kuna vumbi."

Mtoto akazungusha macho mpaka yakatua kwenye kalenda ya misheni ukutani. Ilikuwa imepitwa na miaka mingi, ila hawakuitoa kwa ajili ya picha yake: majumba marefu yamejipanga kando ya ziwa. Akasoma jina chini ya picha, herufi kwa herufi. "Nakupa Chikago."

Rahabu alicheka akashika mbavu. "Chikago naipokea. Nikifika, nikala, nikashiba, nitakupa jibu."

Leonidas alilidai jibu jioni ile, na kesho yake, na siku nyingi baadaye. Mama alikuwa na neno moja tu: "Sijafika bado."

Basi miaka ikaenda. Leonidas akasoma, akawa muuguzi, akavuka bahari, na Mungu anavyopanga mambo yake, kazi akaipata Chikago kwenyewe, katika nyumba ya kutunza wazee. Alimwoa Aneth, binti wa Kilimatinde, wakajaliwa mtoto mmoja, Emiliana. Mwaka jana akatuma tiketi na maneno machache: "Mama, njoo ule Krismasi kwenye mji wako."

Rahabu alikwenda, na kila alichokiona alikishukuru kwa sauti. Alishukuru koti la Aneth, zito kama godoro. Alishukuru miti ya barabarani isiyo na jani hata moja, lakini watu wameionea huruma wakaivisha taa. Walimpeleka ziwani. Alitegemea kitu cha ukubwa wa Kitangiri, ziwa la kwao, akakuta maji yasiyo na ng'ambo, na pembeni yamegeuka jiwe jeupe. Emiliana alimshika mkono kwenye barafu.

"Bibi, tembea kama bata. Ukitembea kama mtu utaanguka."

"Nimeishi miaka yote hii kumbe sijui kutembea," Rahabu akasema, akatembea kama bata, na mtoto akacheka mpaka wakakaribia kuanguka wote wawili.

Siku ya Krismasi walirudi kutoka kanisani, Aneth akaingia jikoni kumalizia pilau. Wanaishi ghorofani, milango inatazamana kwenye ushoroba mrefu. Mara Aneth akahisi ubaridi miguuni. Alipochungulia sebuleni, akaukuta mlango uko wazi kabisa, umewekewa kiatu cha Leonidas usijifunge.

"Mama, mlango huo."

"Nimeufungua mimi."

"Baridi inaingia, mama."

"Na wageni waingie wapi?"

"Huku hawaji hivyo. Mgeni anapiga simu kwanza, mkapanga siku."

Rahabu alimtazama mkwewe kwa huruma. "Krismasi na mlango umefungwa? Watu watasema tuna msiba. Au tuna choyo, afadhali hata msiba."

"Mwache," Leonidas akasema huku akicheka. "Mji ni wake. Nilimpa mwenyewe."

Hazikupita dakika nyingi akatokea bibi wa mlango wa pili, mzungu mwembamba mwenye asili ya Poland, mjane. Alisimama kizingitini, simu mkononi, tayari kuita polisi. Alidhani wameingiliwa na wezi. Emiliana alimweleza. Bibi yule akasikiliza, akamtazama Rahabu, akaishusha simu. Rahabu hakungoja tafsiri. Alijaza sahani pilau na paja la kuku, akaifunika kwa kitambaa safi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Yule bibi akaondoka nayo taratibu, kama amebeba maji.

"Sahani ya Aneth imekwenda hiyo," Leonidas akatania.

"Sahani haipotei," mama akajibu. "Inatembea tu."

Walipoketi kula, simu ya Rahabu ikalia. Ni Severina, jirani yake wa Kinampanda, anayemwangalizia nyumba na kuku.

"Shoga, heri ya Krismasi," Severina akapaza sauti. "Mvua imenyesha tangu juzi, udongo umelainika. Watu wote wameingia mashambani. Lako linamngoja nani?"

"Linaningoja mimi. Moto unawasha jikoni kwangu?"

"Kila jioni, kama ulivyoniagiza."

Simu ilipokatika, Leonidas alikuwa ameacha kula.

"Mama, usirudi," akasema. "Kuanzia asubuhi mpaka jioni nawaogesha mama za watu, nawachana nywele. Halafu nakaa nawaza, wangu yuko peke yake na magoti yale, anachota maji. Makaratasi ya wewe kukaa naweza kuyashughulikia. Utabaki?"

Aneth aliangalia chini. Emiliana akamsogelea bibi yake ubavuni.

Rahabu aliisogeza sahani yake pembeni. Kusema ndiyo ni kuuacha mji wake wa Kinampanda ufe, shamba liote magugu, kaburi la mumewe likose wa kulifagia. Kusema hapana ni kumpasua mwanawe siku ya sikukuu, mbele ya chakula alichokinunua kwa jasho lake. Moyo wake ulikuwa umejaa shukrani, na shukrani ikijaa nayo ni mzigo.

"Hujibu, mama. Kama kile kitendawili," Leonidas akasema, bila kucheka sana. "Chikago umefika. Umekula. Hujashiba?"

"Nimeshiba, baba. Nimeshiba kupita kiasi." Akamshika mkono. "Umeuliza mawili, jibu lake ni moja. Kipate kitendawili, utajua kama nabaki."

Kabla Leonidas hajafungua kinywa, kizingitini kukasikika kikohozi. Bibi wa mlango wa pili amerudi, nywele kazichana, sahani mkononi. Haikuwa tupu. Juu yake kulikuwa na mkate mtamu uliokunjwa kama mkeka, na ndani ya mikunjo ulikuwa mweusi tii.

"Si nilisema," Rahabu akamwambia mwanawe.

Wakampisha mgeni kiti. Rahabu akamega kipande, akakitazama. Weusi ule ulikuwa punje, ndogo kuliko hata ulezi. Akazikung'utia kiganjani, akazipuliza kidogo, akazigeuza kwa kidole, kubwa huku, ndogo kule, kama mkono wake unavyofanya wenyewe bila kutumwa.

Leonidas alikitazama kidole kile.

"Mama. Kile kibuyu kilichoning'inia juu ya moto, kwenye moshi. Mwaka wa njaa. Ulikuwa unakishusha, unamimina kiganjani, unachambua hivyohivyo, halafu unakirudisha juu. Nilidhani ni dawa."

"Ulikuwa na njaa," Rahabu akasema. "Ningekutajia jibu, ungetazama juu. Nawe ukitazama juu, mwanangu, mimi nisingeweza kukunyima. Tungepika siku moja, tukalala tumeshiba. Mwaka uliofuata tungepanda nini? Na ada ya shule ingetoka wapi?"

Bibi wa Poland hakuelewa neno, lakini aliacha kutafuna.

"Kibuyu kiko wapi sasa?" Leonidas akauliza.

"Palepale. Severina anakiwashia moto chini yake, wadudu wasiingie."

"Na mvua imenyesha."

"Imenyesha, baba."

Leonidas akakichukua kiganja cha mama yake, chenye zile punje nyeusi, akakifunga kwa vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini midomo ilikuwa inacheka.

"Mbegu, mama," alisema.